Memori Iliyopigwa Tupa

Mume wangu alinunua mazabodi ya kompyuta kama anavyonunua mbao. Aliishika kwa ncha za vidole, akaiinua usawa wa uso, akafumba jicho moja na kuitazama kwa ubavu aone kama imepinda. Kisha akaigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na kama asingekuwa mume wangu ningecheka pale pale dukani. Lakini ni mume wangu, kwa hiyo nilicheka nyumbani.

Nianze na ugonjwa kabla ya dawa. Mimi ni fundi cherehani, na zaidi ya cherehani nina mashine ya kutarizi, ile inayochora nembo kwa uzi. Mashine hiyo haina akili zake yenyewe. Michoro yote hukaa kwenye kompyuta iliyo pembeni yake, na kompyuta ikinyamaza, mashine nayo hukaa tu kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Siku moja, nikiwa nimezungukwa na masweta ya shule ambayo mwalimu mkuu aliyataka kabla shule hazijafunguliwa, kompyuta ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, kioo kikawa cheusi na feni ikanyamaza. Nilibonyeza kitufe mpaka kidole kikaniuma.

Sasa, upande wa pili wa barabara, mkabala na dirisha langu, kuna mshonaji mwingine. Mtaa mzima tunamwita Mama Zipu, kwa sababu kinywa chake hakina. Naye ana mashine ya kutarizi, na kila mteja anayetoka kwangu mikono mitupu hujikuta kwake kabla hajajua miguu imempelekaje. Mwalimu mkuu alinieleza, kwa upole ule unaotisha kuliko ukali, kwamba nembo zisipokuwa tayari kwa wakati itambidi avuke barabara.

Nilitaka kumwita fundi kompyuta. Mume wangu akaniambia nisubiri kwanza. Alikuwa amekwisha fungua kifuniko cha kasha na kuingiza kichwa ndani, akaona ubao mpana wa kijani uliojaa vidude, na baadhi ya vidude hivyo vimevimba vichwa na kuvuja. Akauliza ubao huo unaitwaje. Nikamwambia ni mazabodi, ubao unaobeba kila kitu humo ndani. Akachomoa penseli sikioni, akaigonga mezani, akasema, "Ubao ni kazi yangu."

Ningeweza kubisha. Kubisha nakujua, muulize yeyote. Lakini mume wangu ni seremala, na seremala mzuri, na siku hizi uzuri wa seremala hauna mnunuzi. Watu wananunua viti vya plastiki na makabati yanayofika yamekunjwa ndani ya boksi, yakigusa maji yanavimba, wanayatupa, wananunua mengine. Karakana yake, iliyo nyuma ya chumba changu cha kushonea, ilikuwa imenyamaza. Alishinda humo akichonga vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza: mipini, vigoda, hata kijiti cha kujikunia mgongo. Wapita njia walikuwa wameacha kumwita fundi, wanamwita mzee, na kila alipoitwa hivyo niliyaona mabega yake yakishuka. Iliniuma. Siku ile, kichwa chake kilipotoka ndani ya kasha, mabega yalikuwa yamepanda, na nikajiambia kwamba masweta yanaweza kungoja kidogo. Nikafunga mdomo, jambo nisilolifanya mara kwa mara.

Tulikwenda pamoja kwa fundi kompyuta, tumeibeba mazabodi iliyokufa ndani ya mfuko. Fundi huyo ni kijana mwembamba ambaye huongea na wateja huku macho yake yako kwenye kitu kingine. Aliipokea, akaigeuza, akatuambia tusiwe na wasiwasi. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo, ilikuwa nzima. Kipande cha memori kilikuwa kizima. Kilichokufa ni ubao peke yake. Alikuwa na mazabodi mbili zilizotumika, na zote mbili zina kikalio kinachoifaa prosesa yetu. Zilitofautiana kwenye memori tu. Memori zina vizazi, alisema, na kizazi kimoja hakikai kwenye kiti cha kizazi kingine. Yetu ilikuwa ya kizazi cha tatu. Mazabodi ya kwanza inapokea kizazi cha tatu, ya pili inataka cha nne. Tukichukua ya kwanza, tunapachika memori yetu na kazi imekwisha. Tukichukua ya pili, sharti tununue na memori nyingine. Hata mtoto wa chekechea angeelewa.

Ya kwanza ilikuwa na sura mbaya, hilo sibishi. Kona moja ilikuwa imejikunja kidogo na mgongoni ilikuwa na mikwaruzo. Ya pili ilikuwa imenyooka na kung'aa. Mume wangu akainua ya kwanza, akafumba jicho, akaguna. Akainua ya pili, akafumba jicho, akatabasamu. Hata akainusa. Hapo fundi kompyuta akaacha kutazama alichokuwa akitazama, akamtazama yeye.

"Hii haijapinda," mume wangu akatoa hukumu. "Ubao uliopinda haunyooki, baba. Unangoja tu uweke kazi yako juu yake."

Fundi akamkumbusha habari ya memori. Akajibu amesikia. Nami nikamkumbusha, kwa kiwiko. Akajibu amesikia, na kwamba hilo ni jambo dogo, nyumbani ana kifaa chake. Nikadhani ana memori nyingine ameitia mahali, maana seremala hatupi kitu. Tukaondoka na ubao ulionyooka.

Nitampa haki yake. Aliipachika ile mazabodi kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwa fundi kompyuta yeyote. Alipima mara mbili kabla ya kukaza. Vichwa vya skrubu vyote alivielekeza upande mmoja. Waya zilizokuwa zimetapakaa alizifunga kwa uzi wangu wa kitani, fundo kwa fundo. Ile dawa nyeupe ya kupozea prosesa aliipaka nyembamba, kama anayepaka vanishi meza ya harusi. Mimi nilikuwa chumbani kwangu nikikunja masweta, moyo umetulia, nikisikia bisibisi yake ikizunguka.

Kisha pakawa kimya, na baada ya kimya nikasikia sauti. Mke wa seremala huzijua zana kwa masikio: hii randa, hii patasi, huu msumeno. Niliyoisikia ilikuwa tupa, na tupa haina shughuli yoyote ndani ya kompyuta.

Nikachungulia. Kipande cha memori kilikuwa kimebanwa kwenye jiliwa, kimekingwa pande zote mbili kwa vitambaa laini alivyoviiba kwenye kapu langu, ili kisichubuke. Mume wangu, miwani ikiwa imeshuka puani, alikuwa akikipiga tupa taratibu, anapuliza unga wa kijani, anapima kwa penseli, anapiga tena. Kwa asiyejua, kipande cha memori kina pengo dogo ukingoni, na mfereji wake kwenye mazabodi una kijino kinachoingia kwenye pengo hilo. Kila kizazi kina mahali pake pa pengo, na wamefanya hivyo makusudi ili mtu asipachike kisichostahili. Mume wangu alikuwa ameona pengo na kijino havikutani, akaamua, kama seremala yeyote angeamua, kwamba aliyelikata pengo alikosea vipimo. Kwa hiyo alikuwa akikata jingine mahali panapopasa. Na lile la zamani alikuwa ameliziba kwa gundi na unga wa mbao, akalisawazisha kwa msasa, ukipitisha kidole husikii kitu.

Nilirudi chumbani, nikajishindilia mkono wa sweta kinywani, nikacheka mpaka machozi yakalowesha sare ya mtoto wa watu. Nilipotulia, hasira ikaja. Masweta yako pale, mwalimu mkuu anahesabu saa, Mama Zipu amekaa dirishani kwake na shingo yake ndefu, na huyu bwana anaranda memori. Nikaenda tena mlangoni nikiwa na maneno yangu tayari, na yalikuwa makali, nilikuwa nimeyapanga vizuri.

Alikuwa akipiga mluzi. Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu anajua kupiga mluzi. Penseli sikioni, unga wa mbao kwenye nyusi, mabega juu, na uso wake umefunguka namna ambavyo haukuwa umefunguka tangu karakana iliponyamaza. Nikayaacha maneno yangu pale mlangoni. Nilimpenda mno saa ile na nilimkasirikia mno, yote mawili kwa pamoja, na mwenye ndoa ya miaka mingi hatashangaa.

Kilichoniokoa ni gundi. Alikuwa amekipachika kipande chake, kimeingia, maana kuchonga anajua, na kidole kilikuwa njiani kuelekea kwenye kitufe. Nikaingia na kuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na neno, kama gundi imekauka. Hakuna seremala anayelipuuza swali hilo. Akaurudisha mkono. Akakiri kwamba gundi haitaki haraka, akavua aproni, akasema anakwenda kwa kinyozi, akirudi alasiri itakuwa imeshika.

Hajakata kona, mimi niko barabarani. Fundi kompyuta nilimwambia ninataka memori ya kizazi cha nne, inayoelewana na ile mazabodi iliyonyooka, na iwe ya kijani. Akauliza rangi inahusu nini. Nikamweleza. Akalaza paji la uso juu ya kaunta na mabega yakamtetemeka kwa muda, akainuka, akafuta macho, akanitafutia. Nilimwapisha asimwambie mtu. Akaapa huku ameishika bisibisi yake kifuani.

Nyumbani nikafungua vishikizo vya mfereji, nikachomoa kazi ya mume wangu, nikapachika ile mpya. Ikaingia kwa sauti ya tak, huku na huku, bila kubembelezwa. Kile kipande kilichochongwa nikakizamisha ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa, mahali ninapoficha kila kitu.

Alirudi amenyolewa, ananukia poda. Akanawa mikono. Akabonyeza. Feni ikaamka, taa ikawaka, kioo kikafikiri kidogo kisha kikaleta michoro yangu yote, nembo ya shule ikiwa ya mbele. Nilipiga kigelegele, na hakikuwa cha kuigiza, maana masweta yalikuwa ya kweli. Yeye hakuinuka. Alikaa kidogo ameinama juu ya kasha, akipuliza vumbi ambalo mimi sikuliona, kisha akarudisha kifuniko na kukaza skrubu moja moja. Nikadhani ni unyenyekevu.

Basi nikammwagia sifa. Nilimwambia mafundi kompyuta wote wa mji huu wakasome upya kwake. Nilimwambia nimeolewa na mtu ambaye hata umeme unamtii. Kama kuna kilemba cha ukoka kilichowahi kufungwa vizuri kichwani mwa mwanamume, ni kile nilichomfunga mimi siku ile, nikakizungusha na kukikaza na kukichomekea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Aa, ni ubao tu, mama watoto." Masweta yakatoka, mwalimu mkuu akaja na uso mkunjufu, na barabara hakuivuka.

Ningependa mambo yaishie hapo. Lakini uongo hauna breki. Mume wangu alirudi kwa kinyozi akasimulia. Kinyozi alikuwa na mtu kwenye kiti na wengine wanne kwenye benchi, na kichwa kinachonyolewa hakina pa kukimbilia, kinasikiliza tu. Kufika kesho yake mtaa wote ulikuwa unajua kwamba yule seremala amechonga memori kwa tupa na kompyuta imewaka. Watu wakaanza kuja kuchungulia. Waliokuja kuchungulia kompyuta wakaona vigoda, wakavikalia, wakaviulizia. Kinyozi akaleta kiti chake kilicholegea mguu. Mwingine akaleta mlango. Karakana ikaanza kutoa sauti zake tena, na nilipokuwa nikitarizi nilisikia nje, "Fundi, upo?" na yeye akiitika kabla hawajamaliza kuita.

Ningefurahi, na kweli nilifurahi, isipokuwa kwa jambo moja. Kila alipoisimulia hadithi ile alihakikisha nipo. Na hadithi ilikuwa ikinenepa. Kwanza alichonga pengo moja. Baadaye alichonga mapengo mawili na kusawazisha pembe. Mwishowe kompyuta ikawa na kasi kuliko ilivyokuwa mpya, kwa sababu ya msasa. Kila akimaliza ananigeukia mbele za watu, "Au nadanganya, mama watoto?" na kunitazama. Ananitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Mimi nikidhani anataka sifa nyingine, namwongezea. Usiku nikilala najiuliza nitafika nao wapi uongo huu, kwa sababu njia ya mwongo ni fupi na mimi yangu nilikuwa nimekwisha iona mwisho wake: siku moja mtu ataleta memori yake.

Aliyeileta ni Mama Zipu.

Alivuka barabara asubuhi kweupe, anasukuma toroli, na ndani ya toroli kasha la kompyuta limefunikwa kanga. Sauti yake ilifika kabla ya toroli. Alikuwa akiwaeleza wote aliokutana nao kwamba mazabodi yake imekufa, amepata nyingine, lakini memori imekataa kuingia, na yeye si mjinga wa kununua memori wakati ng'ambo ya barabara kuna bingwa wa kuzichonga. Kinyozi akamfuata na taulo begani. Wateja wake wakamfuata kinyozi, mmoja amenyolewa upande. Kufumba na kufumbua karakana ilikuwa imejaa.

"Nimekuja kuchongewa, fundi," akasema Mama Zipu, na kumkabidhi mume wangu kipande cha memori kwa mikono miwili.

Sitajifanya malaika. Kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano, nililiona jambo lile kwa ukamilifu wake, na lilikuwa tamu. Mama Zipu hana kompyuta. Mashine yake imenyamaza. Wateja wake wote wanasimama barabarani wakitazama huku na huku, kisha wanakuja kwangu. Na sikufanya mimi, alijiletea mwenyewe kwa toroli. Utamu ule niliumumunya mpaka nikamwona mume wangu amekibana kile kipande kwenye jiliwa, na vitambaa vyangu pande zote mbili.

Akachukua penseli, akatia alama. Akachukua futi, akapima. Akanitazama. Akapima tena. Akaitoa tupa, akaipuliza, akanitazama tena. Nami nikakumbuka kwamba Mama Zipu, pamoja na kinywa chake, anakula kwa mashine ile kama ninavyokula mimi kwa yangu, na kwamba siku moja nilipougua, na ulimi wake ukiwa mzima, alinimalizia magauni ya watu bila kunitangaza. Tupa ikashuka mpaka ikagusa ukingo wa memori.

"Mama watoto," akasema mume wangu, "nichonge?"

"Weka tupa chini."

Nikasema yote kwa mkupuo, maana ningevuta pumzi katikati nisingeendelea. Nikasema tupa haichongi memori. Nikasema ile aliyoichonga ilikuwa haifai hata kuzibia tundu la panya, kwamba mimi ndiye niliyekwenda kununua inayofaa wakati yeye anangoja gundi ikauke, nikaibadilisha kwa siri, na tangu siku hiyo mtaa mzima unasifu kitu ambacho hakikutokea. Nikamwambia Mama Zipu akanunue memori ya kizazi kinachotakiwa na mazabodi yake, au abadilishe mazabodi, lakini asimpe seremala.

Ndipo nilipoyasikia niliyoyasema. Kinyozi alikuwa amefungua mdomo. Yule aliyenyolewa upande alikuwa anamtazama mume wangu kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko kicheko. Kumsitiri nilimsitiri sirini, peke yangu, na sasa nilikuwa nimemvua mbele ya mtaa mzima, ndani ya karakana yake, siku ambazo ndiyo kwanza watu wamekumbuka kumwita fundi. Nilitamani tupa ile ipite kwenye ulimi wangu.

Mume wangu akailaza tupa mezani, sambamba na ukingo, kama kawaida yake. Akajifuta mikono. Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa kipande cha kijani chenye pengo jipya upande mmoja na, upande mwingine, pengo lililozibwa kwa unga wa mbao.

"Unasema hiki?" akaniuliza.

Mama Zipu alikuwa amejishika mbavu. Akavuta kanga kutoka kwenye toroli, na kasha likaonekana lilivyo: tupu, halina hata waya, kasha bovu alilolitoa stoo. Kipande kilichobanwa kwenye jiliwa kilitoka kwenye pipa la taka la fundi kompyuta, yule yule aliyeapa kwa bisibisi. Walikuwa wamekula njama, mume wangu, Mama Zipu na kijana huyo, na Mama Zipu alikuwa ameifunga siri ile kinywani mwake siku kadhaa nzima, jambo ambalo mpaka leo mtaani linasimuliwa kuliko habari ya memori.

Mume wangu akawageukia watu. Akawaambia, bila kuinamisha kichwa, kwamba wamesikia ukweli: yeye kompyuta haijui, ubao aliuchagua kwa unyoofu wake, memori aliiharibu, na aliyeiwasha ile mashine ni mke wake. Vigoda, hata hivyo, alivichonga mwenyewe, na mwenye shaka avikalie. Kinyozi alicheka kuliko wote, ingawa ndiye aliyekuwa ameamini kuliko wote. Wakaondoka wakicheka, na yule wa kichwa cha upande mmoja akageuka mlangoni akasema atakuja kesho kuona kitanda, fundi.

Tulipobaki wawili nilimuuliza alijua lini.

"Siku ile ile, kabla sijafunga kifuniko," akasema. "Mimi ni seremala. Kazi ya mkono wangu nisiijue? Niliinama kuangalia kizibo changu, nikakuta pengo halijazibwa wala halijawahi kuzibwa. Kisha wewe ukaanza kunisifu, nikajua ni nani. Nikaenda kwenye kopo la vifungo. Kila kitu unaficha humo."

Nikamwambia kwamba kama alijua, alikuwa na sababu gani ya kujitapa mtaa mzima na kunifanya niitikie kama mwitikiaji wa wimbo wake. Hasira yangu ilikuwa imerudi, na nilifurahi kuwa nayo, kwa sababu kabla yake nilikuwa karibu kulia. Alikuwa akizungusha kile kipande vidoleni, anapitisha kidole gumba juu ya kizibo.

"Nilikuwa sijasifiwa muda mrefu," akasema. "Kilemba cha ukoka kinawasha, mke wangu, anayekivaa anajua. Lakini wewe ulikifunga vizuri. Nikaona nikikivua mwenyewe nitakuwa nimekutupia kazi yako usoni. Basi nikawa nangoja ukivue wewe, na wewe kila siku unazidi kukaza. Ikabidi nimwite Mama Zipu."

Hapo ndipo nililia, kidogo tu, na nikamwambia ni vumbi la mbao. Akasema ndiyo, karakana ina vumbi sana.

Tangu hapo kazi zetu tumezigawa. Mambo ya memori na vizazi vyake ninaulizwa mimi, na kwa fundi kompyuta nakwenda peke yangu, ingawa mume wangu hunituma nimwambie yule kijana kwamba anamkumbuka kwenye dua zake zote za kulipiza kisasi, kwa kuniuzia ile memori kwa siri. Kile kipande kilichochongwa kiko kwenye msumari juu ya jiliwa. Nami nilimshonea aproni mpya, ya kitambaa kigumu, na kabla ya kumpa niliiweka kwenye mashine, nikakaa mbele ya kompyuta ile ile, nikachora nembo ya kutarizi mfukoni: kipande cha memori kwa uzi wa kijani, na juu ya pengo lake, kizibo kidogo kwa uzi wa rangi ya mbao.

Aliitazama kwa muda. Kisha akaishika kwa ncha za vidole, akaiinua usawa wa uso, akafumba jicho moja, aone kama mshono umepinda. Haukuwa umepinda. Anaivaa kila siku.